Kalamu kwa Kila Mtoto

Nakumbuka Jumatatu niliyomfokea mzee wa kanisa mbele ya watoto, kwa kosa ambalo hakulifanya. Ndilo kosa langu la kwanza kambini, mwanangu, na hadi leo linaniwasha. Nakuita mwanangu kama vijana wa mtaani kwetu Mabatini wanavyoitana, si kwa uzazi; nimekuzidi miaka sita tu. Lakini jana nilikuona na ratiba yako ya rangi tatu, umenuna kwa sababu wimbo umezidi dakika mbili, nikajiona mwenyewe. Hebu kaa.

Kazi hii ya kuongoza kambi sikuisomea. Niliokota ujuzi kwenye video za simu, na aliyejifundisha mwenyewe huogopa kukosea kuliko wote. Kambi yetu ya misheni ilikuwa ya watoto arobaini wa vijiji vya huku Kigongo, wale ambao kwao hata daftari hununuliwa kwa mashauriano. Tangazo niliandika na kulifuta mara saba: "Kutakuwa na kalamu kwa kila mtoto. Wote mnakaribishwa." Nikampa Mzee Masanja alisome kanisani, kwa kuwa ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba kuwaombea watoto ruhusa.

Jumatatu watoto wakaja. Wakaja na wadogo zao. Wakaja na mama zao na bibi zao, kila mmoja na sahani. Bibi mmoja alibeba sufuria yenye mfuniko.

"Shikamoo, bibi. Sufuria ya nini tena?"

"Malahaba, mjukuu. Si mmesema kuna kalamu? Nyama iko wapi?"

Hasira zikanipanda. Unajua wazee wetu wa Kisukuma na herufi r: hawapatani. Karamu kwao ni kalamu. Nami nilikuwa na kalamu za wino arobaini, wali wa watu hamsini, na umati usiohesabika. Nikamgeukia Mzee Masanja.

"Mzee, umesomaje tangazo langu? Kalamu! Ya kuandikia! Kutamka tu kunakushinda?"

Alinitazama kwa utulivu. "Wewe uliandika nini?"

"Kalamu!"

"Na mimi nilisoma kalamu."

Mzee alikuwa amesoma sawasawa, herufi kwa herufi. Ila watu, kwa kuuzoea ulimi wake, walimsahihisha kimoyomoyo wakasikia karamu. Mimi mwenye kufuta mara saba sikuwaza hilo hata mara moja.

Mzee akavaa kofia yake, akaondoka. Mama mmoja akamshika binti yake mkono. "Twende. Mtoto nilimpa mzee, sikukupa wewe." Wa pili akamfuata, wa tatu pia. Watoto wakaanza kulia. Ratiba mkononi mwangu ilisema: saa mbili na nusu, nyimbo za furaha.

Mpishi wetu, Mama Kabula, alikuwa anachagua mchele. Hata hakuinua macho. "Ulimi uliomfukuza ndio utamrudisha. Unangoja nini? Kimbia!"

Nilimkuta karibu na barabara, akina mama na watoto wao nyuma yake. Nikasema kwa sauti ileile niliyomfokea nayo: "Mzee, hukukosea. Nimekosea mimi. Naomba unisamehe."

Akageuka, akawatazama akina mama na watoto wao. Kisha akauliza, "Na hawa watakula nini?"

"Sijui, mzee. Haimo kwenye ratiba."

Akacheka. Akawaambia akina mama jambo kwa Kisukuma, nao wakacheka huku wananitazama, sikuuliza tafsiri. Yule bibi akauliza kuni ziko wapi. Mmoja akaagiza dagaa kutoka kwake, mwingine akaleta michembe, viazi vyetu vilivyokaushwa. Tulikula saa tisa badala ya saa sita, na baada ya hapo watoto wakaandika majina yao kwa kalamu zenye mafuta ya dagaa. Nilikereka sana. Lakini hakuna aliyerudi nyumbani.

Mwanangu, wazee walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Uliza kwanza, ndipo ukasirike kama bado kuna haja. Uliyemkosea hadharani, usimwombe radhi chumbani. Na watoto hawa hawakuletwa na karatasi yako ya rangi tatu. Wameletwa na imani ya mama zao kwa mzee mmoja. Ukimvunjia heshima, utabaki na ratiba yako na viti vitupu.

Mungu akupe masikio yanayoutangulia ulimi, na chakula chako kiwatoshe hata wale usiowaandika.

Mimi bado nakereka wimbo ukizidi dakika mbili, sitakudanganya. Ila siku hizi kila kambi yetu inaanza na chakula cha kijiji kizima, na kila tangazo namsomea kwanza Mzee Masanja. Husikiliza hadi mwisho, kisha huniuliza: "Hiyo kalamu ni ya wino au ya wali?"