Uzi wa Zubaida

"Hajati, mtoe nje! Mtoe sasa, ama naingia mwenyewe!"

"Ingia, nani amekufungia? Lakini hilo panga utaliweka wapi, na mikono yako naihitaji?"

Anayefoka ni Oloya, mlinzi wa duka kule Kansanga, jirani yetu hapa Kyebando. Anayemjibu ni Zubaida, mama wa Kinubi, mfuma vitambaa, anayeamua ugomvi wa mtaa huu tangu nilipokuwa na meno yote. Anayetafutwa ni Kasim wa bodaboda. Asubuhi amemgonga Babra, binti wa Oloya. Mtoto yuko hospitali, hajafumbua macho. Kasim yuko chini ya kitanda cha Zubaida, anatetemeka mpaka vikombe vya soko la Nakivubo vinagongana. Mimi niko juu ya kitanda hichohicho, nimejifanya mgonjwa. Sikuogopa mimi, miguu ndiyo ilikataa kusimama.

Dawa ya Zubaida ni moja. Mwenye hasira anavishwa uzi wa sufu kwenye mikono yote miwili, kama pingu, na Zubaida anaukunja kuwa donge. Alipokuwa msichana alifunga hivyo kikosi kizima cha askari, na simba mmoja. Usiponiamini, kamuulize simba.

"Oloya, mwanangu, nyoosha mikono."

"Babra akifa, Hajati..."

"Hajafa. Nyoosha."

Panga likashuka, likaegemea ukuta. Karibu mno naye. Oloya akaketi, uzi mwekundu ukavishwa.

"Alikunywa nini asubuhi, mtoto wetu?"

"Chai. Na muhogo. Alikataa sweta."

"Mkaidi kama nani?"

Alitaka kucheka, akalia. Lakini macho hayakuondoka kwenye kile kitanda. Alikuwa anajua! Na uzi mikononi ulikuwa unapungua. Ukiisha, mikono ni yake tena. Zubaida alikunja polepole kuliko kinyonga, jasho likimtoka puani. Hapo nikajua naye anaogopa.

"Mzee Oloya," Kasim akasema kutoka uvunguni, mjinga yule, "wallahi sikumwona. Alitokea nyuma ya..."

Oloya akainuka, donge likamponyoka Zubaida.

"Nyuma ya nini? Sema! Nyuma ya nini?"

"Nyuma ya lori, lilikuwa lime..."

Mlango ukasukumwa. Ni Aloyo, mama yake Babra, katoka hospitali, peke yake, viatu mkononi. Sote tukautazama mdomo wa Aloyo, tukingoja habari ya Babra.