Nilimpa Mdogo Wangu Kitabu cha Katuni, Akajikuta Ndani

Admin, ukikiweka kisa hiki, ondoa jina langu na la mtaa wangu. Majina mengine nimeyabadilisha mwenyewe.

Mimi ni dada wa miaka thelathini na moja, sijaolewa. Naishi mjini Kamembe, hapa Rusizi, mpakani na Bukavu, pamoja na mama yangu ambaye ni fundi cherehani, pamoja na mdogo wangu nitakayemwita Zuhura, ana miaka kumi na nne. Nauza vitenge. Ila wengi wananijua kwa jambo jingine: napenda bede, vile vitabu vya hadithi za picha, na nina kundi la WhatsApp ambako huwaelekeza watu vya kusoma. Wale mashujaa wa kuvaa chupi juu ya suruali na kuruka angani sina ugomvi nao, wana watu wao. Mimi natafuta vingine. Kuna mwalimu mmoja alichora wanawake wa kisiwa cha Nkombo wakianika sambaza, vile visamaki vya ziwani, kitabu kizima hakina neno hata moja na bado utacheka mpaka ushike mbavu. Kuna dada wa Burundi anayechora foleni ya mpaka wa Ruhwa tu, ukurasa baada ya ukurasa, na kila uso una habari zake. Vitabu kama hivyo havipo madukani, vinapita mkono kwa mkono, ndiyo maana nikikisifu kimoja watu wanakitafuta.

Nina utaratibu wangu. Kitabu kikifika, sikifungui mimi kwanza, nampa Zuhura. Akikielewa bila kuelezwa, basi mchoraji anaijua kazi yake, nami nakisoma na kukipendekeza. Akianza kuniuliza huyu ni nani tena na huyu katoka wapi, nakirudisha. Jicho la mtoto huyu halijawahi kuniangusha.

Mchoraji niliyempigia debe kuliko wote ni kaka mmoja wa Bukavu, tumwite Fiston. Nilipomjua, hakuna aliyekuwa akimsoma. Nilivuka mpaka na vitabu vyake kwenye mfuko wa vitenge, nikawagawia watu ili wamzoee. Akija Kamembe anakula kwetu, mama anamwita mwanangu. Sitasema tulikuwa wapenzi, ila nilikuwa nasubiri aseme.

Siku moja Zuhura aliniuliza kwa nini hafanani na sisi. Nilimjibu kwa utani, lakini Fiston alipofika alinikuta nalia, nami, mjinga kabisa, nikamfungulia moyo. Nilimweleza kwamba Zuhura si mtoto wa mama. Aliyemzaa alikuwa mfanyabiashara aliyepanga chumba kwetu tulipokuwa tunaishi Giheke. Alimwacha akiwa mchanga, akasema anavuka kuchukua bidhaa na jioni atarudi. Hakurudi. Mama akamlea, kisha akatuhamisha kutoka Giheke ili majirani wasije wakamwambia mtoto. Zuhura hajui chochote, na mama aliniapisha nisimwambie mtu. Fiston alinishika mkono akasema, "Hii maneno itabakia hapa hapa."

Mwezi uliopita akanitumia kitabu chake kipya. Nikakisifu kwenye kundi kabla hata ya kukifungua, kwa kuwa ni cha Fiston, nikampa Zuhura kama kawaida. Alikaa nacho mchana mzima. Alipotoka chumbani alikuwa ametulia mno, akaniita yaya, yaani dada, kama siku zote.

"Yaya, nimesoma. Ule maman wa kushona ni maman yetu, eh?"

Nikamwambia mafundi cherehani wote wanafanana.

"Na ule mutoto iko na alama chini ya sikio, sawa yangu." Akajishika pale pale. "Nimeelewa yote. Kitu moja tu sielewe. Ule mutoto, batamuambia siku gani?"

Nikamjibu kwamba hadithi ni hadithi, halafu nikajifungia chooni nikalia. Kisha nikakisoma. Niliikuta nyumba yetu ya Giheke kama nilivyomsimulia. Mama amebana pini mdomoni, kovu lake la kuungua liko mkononi. Mwanamke anatoka, na kurasa zinazofuata ni mlango tu, mwanga unapungua juu yake mpaka giza. Na hapa ndipo ninapoumia zaidi, ndugu zangu: ni kitabu kizuri. Hajawahi kuchora kizuri kama hicho. Kingekuwa kibovu ningekitupa jikoni kiwe cha kuwashia mkaa.

Nilimpigia simu. "Sikuandika jina ya muntu," akasema. "We njo ulikuwa unasemaka tuchore maisha ya kweli, tuache batu ba kuruka. Sasa nimechora."

Nikamuuliza mbona hakuniomba ruhusa.

Akajibu, "Ningeomba, ungekatala."

Hivyo tu. Alijua nitakataa, ndiyo maana hakuomba. Mimi nilidhani anakuja kwetu kwa sababu anatupenda, kumbe alikuwa mezani kwa mama, anakula ugali wake huku anamkariri mikono. Nina hasira ambayo sijui niiweke wapi. Na kwenye kundi watu wananishukuru kwa kuwaonyesha kitabu kile.

Habari imeshamfikia mama. Hajui kusoma, lakini picha anazipenda, na jana tukiwa tunakula alisema, "Banasema Fiston alichora fundi sawa miye. Munisomee, nicheke kidogo."

Zuhura akanitangulia kujibu. "Ijumaa, Maman. Miye njo nitakusomea." Alisema hivyo akinitazama mimi, si mama.

Nikimwambia mama mapema, atajua nilivunja kiapo na siri yake nikampa mgeni. Nikimwambia Zuhura, nimempokonya mama neno ambalo ni lake kulisema. Nikinyamaza, mtoto atakaa mbele ya mama na kumsomea kile kitabu kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa, akimwangalia usoni. Ijumaa ni keshokutwa. Nyinyi mliolea watoto wa wenzenu, na nyinyi mliolelewa, nishaurini: nianze na nani?