Roboti si Robota

Eufrazia, au Mama Anselmi kama wengi walivyomwita, aliuza mitumba kwenye kibanda cha mabati njia ya kwendea stendi ya mabasi ya Msamvu, Morogoro, na sauti yake ungeisikia kabla hujakiona kibanda. Alizaliwa Mgeta, juu huko kwenye kabichi na njegere, akateremka mjini na tenga la karoti kichwani. Ilipokuja miaka ya ruksa na kila mtu akawa mfanyabiashara, yeye aliacha karoti akashika suruali. Hakujuta hata siku moja. Karoti haina subira, alikuwa akisema, lakini suruali itamngoja mwenye kiuno chake mpaka atokee.

Ukimwona siku za kazi ungesema ni mama wa kawaida tu, na ungekuwa umesema kweli. Lakini Jumapili mchana, yeye akishatoka kanisani na wenzake Waislamu wakishaswali adhuhuri, kibanda kilifungwa upande wa mbele, mabenchi mawili yakasogezwa, na Mama Anselmi akawa mvua, mto, askari wa mpakani, chui na mfalme. Zunguka Morogoro nzima, usingempata mwingine wa kuwa vyote hivyo bila kuinuka kwenye kigoda.

Mchezo wenyewe ulitoka kwenye robota, lile furushi kubwa la mitumba linalofungwa kwa kukazwa. Siku moja alifungua robota la nguo za watoto, akakuta katikati ya masweta kuna sanduku la karatasi ngumu, ndani yake dadu za pembe nyingi na kitabu cha Kiingereza kilicholowa maji kikapoteza nusu ya kurasa zake. Mtu mwingine angekifungia maandazi. Yeye alimwita Luqmani, mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa akija kuchagua mashati, amsomee. Luqmani alisoma, akakuna kichwa, kisha akaeleza kwamba ni mchezo wa kusimulia. Mmoja anashika hadithi, kila mwingine ana mhusika wake na anasema mhusika huyo anafanya nini, na penye wasiwasi dadu zinaamua.

"Mhusika ndiye nani?" aliuliza Mama Anselmi.

"Ni mtu wako ndani ya hadithi."

"Basi sema mtu. Kila mmoja ana mtu wake."

Tangu siku hiyo wakasema hivyo. Kurasa zilizopotea alizijaza yeye kwa kichwa chake, na asiyejua angedhani ndizo zilizokuwa nzuri zaidi kitabuni.

Kwa sababu ya dadu, watu walisema ni kamari. Katekista alipita kuchungulia, na wiki iliyofuata akapita mzee mmoja wa msikitini, wote wawili wakidai wanatafuta kaptura. Hawakuona pesa mezani. Walichoona ni watu wazima wanabishana kama daraja la kamba litambeba punda, wakaenda zao. Yule mzee wa msikitini, kabla hajaondoka, alisema halitambeba.

Mbali na Mama Anselmi aliyeshika hadithi, wachezaji walikuwa watatu. Luqmani, ambaye mtu wake alikuwa mganga mwoga. Deogratias, mtoto wa kaka yake Mama Anselmi, kijana mwenye pikapu ya kupelekea mboga Dar es Salaam, ambaye mtu wake alikuwa tajiri aitwaye Mapana. Wa tatu alikuwa Fundi Hatibu.

Fundi Hatibu alikuwa mtu wa mashine. Ujana wake wote aliumalizia kwenye kiwanda kimoja cha pale mjini, mpaka kiwanda kikabinafsishwa na yeye akapunguzwa pamoja na wenzake. Hakulia wala hakumtukana mtu. Alinyamaza tu. Mkewe, Mwaisha, alisema kwamba nyumbani kwao Mwembesongo ungeweza kukaa na mumewe tangu asubuhi hadi magharibi asitoe neno ila "naam" na "sitaki". Luqmani, jirani yake, ndiye aliyemburuta kuja kwenye mchezo. Alipoulizwa anataka mtu wa namna gani, Fundi Hatibu alifikiri, akasema, "Wa chuma. Anayekwenda mwenyewe."

"Roboti," alisema Luqmani.

"Robota?" Mama Anselmi alishangaa. "Robota linakwendaje lenyewe?"

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Fundi Hatibu naye alicheka, na Luqmani alikwenda jioni ileile kumpa Mwaisha habari kwamba mumewe amecheka. Yule roboti akaitwa Chuma. Alikaa kwenye kiwanda cha mlimani, ndani ya hadithi, akitunza lango la maji yaliyonywesha bustani zote za bondeni. Hakuwa msemaji, lakini akisema, mezani watu walisikiliza. Fundi Hatibu alianza kuongea kwa mdomo wa Chuma, kisha polepole kwa mdomo wake mwenyewe. Mwaisha alikuja kibandani, akanunua gauni ambalo hata halikumkaa vizuri, ili tu apate nafasi ya kusema asante.

Kosa lilitokea wakati wa masika. Tajiri Mapana alikuwa akikitamani kile kiwanda cha mlimani kwa muda mrefu. Alibembeleza, akajipendekeza kwa mfalme, dadu zikamkubali, akakipata. Deogratias hakumdanganya mtu. Mchezo aliucheza, na aliucheza vizuri.

"Nimenunua kiwanda na vyote vilivyomo," akasema. "Na roboti limo. Basi naliamuru lifunge lango la maji. Bustani za bondeni zikinyauka, wenyewe wataniuzia kwa bei ya kutupa."

Wote wakamgeukia Mama Anselmi. Naye hakufikiri hata kidogo, kwa sababu biashara yake yote ilisimama juu ya kanuni hiyohiyo. Ukinunua robota umenunua vilivyomo, viwe vizima viwe vibovu, na hakuna anayeiuliza suruali.

"Haya," akasema. "Chuma anakwenda langoni. Anazungusha gurudumu. Lango linajifunga, maji yanakatika."

Fundi Hatibu alimtazama. Akaziweka dadu zake mezani, moja baada ya nyingine, akachukua kofia yake, akasema, "Haya, nashukuru," akatoka. Walidhani anakwenda kujisaidia. Hakurudi, na Jumapili iliyofuata hakuonekana.

Siku chache baadaye Mwaisha alifika kibandani. Safari hii hakushika hata nguo moja.

"Mama Anselmi, mmemfanya nini mume wangu? Amerudi kulekule."

"Kulekule wapi?"

"Kwenye naam na sitaki. Na sasa hata hiyo sitaki hasemi."

Roho ilimsuta Mama Anselmi. Alifunga kibanda mchana kweupe, jambo ambalo hakulifanya hata malaria ilipomlaza, akafuatana na Mwaisha hadi Mwembesongo. Fundi Hatibu walimkuta uani. Baiskeli ilikuwa imepinduliwa mbele yake, spana chini, na wala hakuwa akiitengeneza.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba."

Akamsogezea kigoda. Mama Anselmi hakuwa mtu wa kupindisha maneno. "Fundi, najua nimekukosea, ila sijajua nimekosea wapi. Deo alikinunua kile kiwanda kihalali. Dadu uliziona."

"Alinunua kihalali," Fundi Hatibu akakubali.

Kisha akanyamaza. Mama Anselmi, ambaye kwake kunyamaza kulikuwa adhabu, alijikaza akanyamaza pia. Kule juu mawingu yaliishukia milima ya Uluguru yakaifunika hadi kiunoni.

"Siku wanakabidhi kiwanda chetu nilikuwepo," alisema mwishowe. "Tulisimama kando ya mashine zetu. Mabwana walikuwa wanapita wanahesabu. Mimi nilikuwa nimeshapanga maneno yangu. Nilisema moyoni, wakifika hapa wataniuliza, mzee, wewe unasemaje, unabaki au unakwenda. Wakafika. Wakahesabu mashine, wakahesabu feni, wakapita."

"Pole, Fundi."

"Mimi sikukasirika kwamba Chuma amenunuliwa. Hata kufunga lango, pengine angefunga, sijui. Hukuniuliza, Mama Anselmi. Ulisema anakwenda, akaenda."

Mama Anselmi alirudi kibandani kwa miguu, na inasemekana hakumsalimia mtu njia nzima, hata waliodhani wanamdai salamu. Lililomuuma ni kwamba fundi alikuwa amesema kweli. Adui wa Chuma hakuwa Tajiri Mapana. Kazi ya tajiri ni kutaka, na hadithi ambayo hakuna anayetaka kitu haisogei. Adui alikuwa yeye mwenyewe mwenye hadithi, aliyeuchukua mdomo wa mtu wa mwenzake akausemea.

Hapo ndipo ulipoonekana ukubwa wa mama huyu. Wengi wangemaliza shauri kwa kumbembeleza mzee: wangefuta ununuzi wa Deo, au wangetangaza kwamba Chuma haguswi na mtu. Yeye aliona kwamba akifanya hivyo atakuwa amemdhulumu Deogratias, na Chuma atakuwa kifaranga chini ya kanga yake. Roboti asiyeweza kutishwa na lolote hana haja ya hiari. Alichotaka ni kwamba vitisho vibaki, vikali vilevile, na hiari ibaki. Alikaa na jambo hilo akikunja mashati, akikosea saizi, mpaka akalipatia njia yake.

Jumapili ilipofika alimtuma Luqmani amwambie fundi kwamba hadithi imerudi nyuma kumfuata. Fundi Hatibu alikuja. Alikaa pembeni kabisa mwa benchi, kofia kichwani, kama mtu ambaye hakai sana.

"Kabla ya dadu nina neno," alisema Mama Anselmi. "Wiki ile niliamua vibaya. Chuma hakufunga lango. Tunarudi pale Deo alipotoa amri."

Deogratias alinuna. "Shangazi, lakini mimi nilinunua. Roboti limo kwenye kiwanda changu."

"Umenunua, baba. Kiwanda ni chako, paa ni lako, na mgongoni mwa Chuma kuna swichi ya kumzimia, ufunguo wake unao wewe. Sikunyang'anyi kitu. Lakini roboti si robota. Robota ni hili. Roboti, hapa mezani, ni huyu. Kila mmoja hapa ana mtu wake, na huyu ndiye mtu wa Fundi. Ukisema lifunge, hajasikia, maana hapa hakuna li."

"Kwa upande wa sarufi," alianza Luqmani.

"Mwalimu, leo ni Jumapili."

Luqmani akaufyata. Mama Anselmi akaendelea, na sauti yake safari hii ilikuwa ya chini. "Tajiri anaweza kumtisha Chuma. Anaweza kumzima, na akimzima atazimika kweli, dadu zitasema ataamka au haamki. Mwizi anaweza kumfungua kichwa akabadilisha nyaya, na nyaya hizo zitamvuta, na zitamuuma. Sitamkinga na lolote. Ila likishampata, nitamgeukia Fundi nimuulize, mtu wako anafanyaje? Jibu ni lake. Si la Deo, si la dadu, na mimi simo."

"Hata akijiponza?" aliuliza Deogratias.

"Hata akijiponza."

Deogratias hakuwa kijana mbaya, na haki yake alikuwa amepewa mbele ya watu. Akainuka, akavuta kifua, akaingia kwenye sauti ya utajiri. "Tajiri Mapana anasimama mbele ya Chuma, ufunguo mkononi. Anamwambia, funga lango. Usipofunga nakuzima sasa hivi."

"Amri inamwingia," alisema Mama Anselmi. "Aliundwa kutii, kwa hiyo inamwingia mpaka kwenye mifupa yake ya chuma. Mkono wake wa kulia unainuka wenyewe kuelekea kwenye gurudumu. Kifuani kunapata moto. Ufunguo uko nyuma yake, anausikia ukigusa mgongo." Alikuwa na mengi bado, ilionekana, maana midomo ilimcheza. Akaifunga. Akaiweka mikono yake yote miwili juu ya mapaja.

"Fundi. Chuma anafanyaje?"

Basi moja lilipiga honi huko Msamvu, likapiga tena. Fundi Hatibu aliitazama meza. Luqmani alitaka kunong'ona kitu, Mama Anselmi akamkata jicho. Yeye mwenyewe alikuwa amejiuma ulimi, kwa maana jibu zuri alikuwa nalo, tena mawili, na angeweza kumpa mzee wa watu moja akapumzika. Hakumpa.

Fundi Hatibu akavua kofia. "Chuma anageuka," alisema. "Anamtazama yule tajiri. Anamwambia, kiwanda umenunua, nimesikia. Lakini mimi hujaniuliza."

Deogratias alimtazama shangazi yake. Shangazi akatazama mabati. Kijana alicheka kidogo, kisha kicheko kikamwishia, kwa sababu alijua vizuri mzee aliyekaa mbele yake ametoka wapi. Akakaa chini.

"Tajiri Mapana anaushusha ufunguo," akasema. "Anasema, mzee wangu Chuma, shikamoo. Naomba kukuuliza. Utakuwa tayari kunifungia lango?"

"Marahaba," alisema Fundi Hatibu.

Alichukua muda wake wote. Hakuna aliyemharakisha.

"Hapana," akasema.

Akalisikiliza neno lenyewe, kisha akaanza kucheka na machozi yakimtoka, wala hakujali kuyafuta. "Hapana," akarudia. "Mwambieni asante sana kwa kuniuliza. Lakini hapana."