Wastani wa Mwalimu Brightson

Kama kuchelewa shule kungekuwa dhambi, basi Mwalimu Brightson wa Kibamba angekuwa ndiye malaika aliyepewa daftari. Kila siku, saa moja kasoro asubuhi, alikuwa kasimama getini, tai imemkaza shingo, akiwahubiria waliochelewa. "Mahudhurio ndiyo nidhamu," aliwaambia wakiwa wamepiga magoti kwenye kokoto. Kengele ya kipindi cha kwanza ikilia, malaika alidandia bodaboda kwenda Mbezi Luis, alikokuwa na tuisheni yake jirani na stendi. Getini hakukosa hata siku moja. Darasani ilikuwa habari nyingine.

Tusimwonee, akili alikuwa nayo. Hesabu za kidato cha sita alizimudu hata bila kitabu, na kosa lake lilikuwa kudhani kwamba kuzijua na kuzifundisha ni kazi moja. Sasa nafasi ya mwalimu wa taaluma ilikuwa wazi, nafasi yenye ofisi, na ofisi yenye feni. Brightson aliitaka feni ile kuliko alivyotaka mbingu. Mshindani wake alikuwa mmoja tu, Mwalimu Auleria wa Jiografia, mama mpole ambaye kila kipindi chake kilimkuta darasani. "Yule hana pa kwenda," Brightson alisema chumba cha walimu huku akifunga begi lake aondoke. Nyani haoni kundule.

Mzee Hatim, mwenye shule, hakuwa mtu wa barua za maombi. Alikuwa akiuza mabati tangu ujana wake, na bati huligonga kwanza ndipo akaliamini. Akatangaza kwamba atakaa nyuma ya darasa la kila mmoja kipindi kimoja, kisha ataamua.

Brightson alifurahi mno. Mada alikuwa nayo tayari, tena ya kumtoa mtu jasho: namba nasibu na mtawanyo wa uwezekano. Alikuwa ameifungua wiki ya kwanza ya muhula, kwa dakika nne, akiwa amesimama mlangoni na bodaboda inamsubiri nje. Namba nasibu, alisema, ni namba ambayo huwezi kujua kesho itakuwa ngapi, lakini ukivumilia kuihesabu muda mrefu, utaijua tabia yake.

"Tafuteni kitu hapa shuleni kinachohesabika na kisichotabirika. Kihesabuni wiki kumi na mbili, mchore chati."

"Kitu chochote, mwalimu?" aliuliza Tusajigwe, kiongozi wa darasa, binti mtaratibu asiyeandika kitu bila rula.

"Chochote! Umeme ukikatika, chai ikichelewa. Nyie tu."

Akaondoka, na swali lile hakulifikiria tena. Siku moja kabla ya ugeni wa Mzee Hatim, Tusajigwe alimfuata getini kumwonyesha chati. "Nitaiona hapohapo darasani," Brightson alimjibu, mguu mmoja uko juu ya pikipiki. "Mie nawaamini."

Siku ikafika. Darasa zima likasimama, "Shikamoo Mzee Hatim," mzee akaitikia marahaba na kukaa dawati la nyuma. Brightson akatoa utangulizi mtamu, akaeleza kwamba yeye hufundisha kwa vitendo, kisha akamwita Tusajigwe mbele. Binti akaikunjua karatasi yake ya manila ubaoni. Juu, kwa wino mwekundu uliopigwa rula, iliandikwa: *X ni idadi ya vipindi vya hesabu, kati ya vitano vya wiki, ambavyo mwalimu aliingia darasani.*

Brightson akalegeza tai.

"X inaweza kuwa sifuri mpaka tano," Tusajigwe alianza, sauti haina ubaya wowote. "Katika wiki kumi na mbili, sifuri ilitokea wiki moja. Moja ilitokea wiki tano. Mbili, wiki tatu. Tatu, wiki mbili. Nne, wiki moja. Tano haijawahi kutokea, kwa hiyo uwezekano wake tumeandika sifuri. Uwezekano wote ukiujumlisha unapata moja kamili. Wastani wake ni moja nukta saba tano."

Mzee Hatim akainua mkono kama mwanafunzi. "Binti yangu, mtu anaingiaje darasani mara moja na robo tatu?"

"Haingii hivyo, mzee. Wastani si lazima uwe kitu kilichotokea. Ila kuna siku mwalimu aliingia, akachukua chaja yake, akatoka. Tulibishana sana kama tuihesabu."

"Mkaamuaje?"

"Tuliihesabu, mzee. Kwa huruma."

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomuuma Brightson. Wangecheka, angewafokea. Lakini walikuwa wamekaa wameshika kalamu, wanasubiri swali linalofuata, kama watu wanaosoma kweli.

"Na haya yote nani kawafundisha?" Mzee Hatim aliuliza.

"Mwalimu alituanzishia," Tusajigwe alisema. "Vipindi vilivyobaki tulifundishana."

Nje, mzee hakupandisha sauti. Wenye mabati hawapigi kelele, bati lenyewe linatosha. "Mwalimu, somo limeeleweka vizuri sana. Mie nafasi ile sijampa mtu bado. Auleria yuko, na wewe uko. Siku watoto hawa wakiniletea chati yenye wastani wa nne, njoo uchukue ufunguo."

Brightson aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayomfuata mtu mpaka kitandani. Lakini pia aliona upenyo. Wiki iliyofuata tuisheni ilifungwa, na mwalimu akaingia Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi na Ijumaa. Kila alipoingia, Tusajigwe alichora kijistari kimoja pembeni ya manila, kwa rula. Kipindi cha mwisho cha Ijumaa Brightson alishindwa kujizuia.

"Haya, wastani sasa umefika ngapi?"

"Ishirini na sita gawanya kwa kumi na tatu," binti alisema. "Mbili, mwalimu."

"Mbili? Wiki nzima nimeingia!"

"Ndiyo, mwalimu. Tumeihesabu."

Wakatoka, wakamwacha na ubao. Akachukua chaki, akatafuta mwenyewe wiki ngapi za kuingia vipindi vyote vitano ndipo afike nne. Aliifanya hesabu mara mbili, maana hesabu alikuwa anaijua. Ilikuja wiki nyingine ishirini na sita. Mtihani wa taifa wa watoto wale ulikuwa umebakiza wiki nne.