Cha Kwanza Kuonekana Ndani

Shangazi yangu ni fundi kufuli, na kabla ya kumfungulia mtu mlango ana swali moja: "Nikifungua, kitu gani kitaonekana kwanza?" Mwenye chumba hujibu papo hapo: kitanda hakijatandikwa, ndoo nyekundu, picha ya mama. Mwizi hubabaika. Kwa swali hilo amekataa kazi nyingi kuliko alizofanya, na hapo natia chumvi kidogo tu.

Nilihamia kwake nilipoachishwa kazi kiwandani, na nakiri mapema kwamba mimi ni mdaku. Namshikia mkoba wa vifaa, na mlango ukifunguka nachungulia. Yeye haangalii. Macho yake huishia kwenye kitasa, na hilo lilinishangaza kuliko ufundi wenyewe. Mtu afungue milango miaka ishirini asitake kujua yaliyomo?

Chumba nilichotamani kukiona kuliko vyote kilikuwa cha jirani yetu wa ghorofa ya juu, tuliyembandika jina la Bwana Malalamiko. Aliandika barua za kulalamikia kila kitu: mitaro, diwani, hata kelele za tupa Shangazi anapochonga funguo kibandani kwake hapo chini. Shangazi hakumpenda hata chembe. Wakikutana kwenye ngazi, kila mmoja aligeukia ukuta wake.

Siku moja adhuhuri, Bwana Malalamiko akiwa kazini, walikuja wanaume watatu wa ofisi ya diwani pamoja na mwenye nyumba. Walisema mpangaji yule anaandika vipeperushi vya kumchafua diwani, nao wanataka kukagua chumba. Mpangaji alikuwa amebadilisha kitasa, kwa hiyo mwenye nyumba hakuwa na ufunguo.

Hamu ilinishika. Mkoba nilishaubeba.

"Cha kwanza kuonekana ni nini?" Shangazi akauliza.

Wakatazamana. "Mama, hicho ndicho tunachotaka kujua."

"Basi si chumba chenu. Mna karatasi ya hakimu?"

"Sisi ni serikali."

"Serikali naijua, mwanangu, nimeipigia kura mwenyewe. Nauliza karatasi."

Mkubwa wao akamwuliza, kwa upole kabisa, leseni ya kibanda chake inaisha lini. Shangazi akasema Ijumaa.

"Basi tutaonana Ijumaa," yule akajibu, wakashuka.

"Shangazi, yote haya kwa ajili ya yule?" nikamaka. "Yule anayekusema kila siku?"

"Nikianza kufungua vyumba vya nisiowapenda, mtaa mzima utabaki wazi."

Ijumaa leseni ilikataliwa. Kibanda kikatiwa kufuli la ofisi, la bei rahisi, ambalo Shangazi angelifungua kwa kijiti. Hakuligusa. Alikaa sebuleni mikono mapajani, nami nikamwonea fahari na kumkasirikia kwa pamoja. Tungekula nini?

Jumatatu Bwana Malalamiko aligonga mlango wetu. Amepoteza ufunguo. Mwenye nyumba alishamsimulia yaliyotokea, uso wake ulionyesha, lakini alizungumzia ufunguo tu. Tukapanda naye. Shangazi akapiga goti mbele ya kitasa na kuuliza swali lake, maana hata anayemjua humwuliza.

"Mezani kuna barua," Bwana Malalamiko akasema. "Ya kukushtaki wewe. Zile kelele za tupa. Niliiandika kabla sijajua..."

Shangazi akaendelea kuchokonoa kwa waya, kitasa kikalia. Nikanyoosha shingo. Karatasi ilikuwepo kweli, ndefu, imepigiwa mistari kwa wino mwekundu. Sikuwahi kusoma hata neno moja, kwa sababu Shangazi alinifunika macho kwa kiganja chake chenye grisi.

"Umejibu sawa," akamwambia. "Chumba ni chako."

"Niichane?" Bwana Malalamiko akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Uichane kwa nini? Ni barua yako, ipeleke." Shangazi akainuka, akajipangusa magoti. "Ukishaipeleka, kaa uniandikie na mimi moja. Kuhusu leseni yangu."