Chai ya Bi Lebo Iliyopotea Kila Asubuhi

Bi Lebo hakuwa mtu wa utani kazini. Miaka kumi na tisa alikaa nyuma ya dirisha la Ofisi ya Vitu Vilivyopotea, pale mwisho wa kituo cha mabasi, baada ya choo na kabla ya ukuta, na katika miaka hiyo yote hakuna mwavuli uliopita mikononi mwake bila kufungwa kikaratasi chenye namba, tarehe na hali yake. Ndiyo maana wakamwita Bi Lebo. Watu walisema hata nyumbani kwake chumvi ina namba. Huo ni uzushi mtupu. Chumvi ilikuwa na tarehe tu.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye rafu tatu. Kulikuwa na miavuli arobaini na moja, meno ya bandia ya juu peke yake, mlango mzima wa mbao pamoja na kitasa chake, na gongo moja la kutembelea ambalo lilimnyima Bi Lebo raha kila alipolitazama, kwa sababu hakuelewa mwenye nalo alishukaje kwenye basi. Na kwenye kona, likinguruma mchana kutwa, kulikuwa na friji.

Friji hilo lililetwa na kondakta miaka mitatu nyuma. Lilibaki juu ya basi abiria wote walipokwisha kushuka, na ndani yake mlikuwa na barafu ambayo haijayeyuka. Bi Lebo, kama kawaida yake, alilikagua na kujaza safu ya daftari inayouliza hali ya kitu kilipopokelewa. Akaandika: Kizima, cha baridi. Sasa kanuni ya saba ya ofisi inasema kila kitu kitunzwe katika hali ileile kilivyopokelewa, hadi mwenyewe atakapokuja. Mwingine angeisoma akapiga miayo. Bi Lebo aliisoma, akatafuta waya, akalichomeka friji kwenye umeme, na kwa miaka mitatu lilikaa likipoza hewa tupu. Hakuwahi kuweka humo hata ndimu. Si lake, aweke kwa idhini ya nani?

Tatizo ni kwamba watu walipoteza sana na kudai kidogo. Zamani walikuja wakihema, wakieleza mikoba yao mpaka machozi yakawalenga. Siku hizi mtu akisahau kitu kwenye basi anasonya, anajilaumu hatua tatu, anaendelea na safari yake. Tangu lije lile friji hakuna aliyefika dirishani isipokuwa kuulizia choo. Jambo hili lilimuuma Bi Lebo sana. Aliionea huruma hata miavuli.

Kisha ikaja barua kutoka makao makuu. Kwa maneno machache yenye mhuri mkubwa ilisema kwamba iwapo hadi mwisho wa mwezi ule hakuna mtu hata mmoja atakayekuwa amerudishiwa kitu chake, ofisi itafungwa, vitu vitatupwa, na karani atapangiwa kazi nyingine itakapopatikana. Kila mfanyakazi wa kituo alijua maana ya itakapopatikana. Maana yake ni nenda nyumbani ukafuge kuku.

Mwezi wenyewe ulikuwa wa joto la kutisha. Lami ya kituoni ilishika viatu vya watu, na bati la ofisi lilipiga kelele lenyewe. Ndipo Bi Lebo alipoanza kuja na chai yake ya matunda. Aliitengeneza alfajiri kwa utaratibu usiovunjwa: maganda ya nanasi, yaliyosuguliwa kwa brashi, huchemka na kipande cha tangawizi, majani ya chai huloweshwa humo dakika tano za saa ya ukutani, si nne wala sita, sukari huingia maji yakiwa bado moto, kisha sufuria hukaa mezani chini ya kitambaa mpaka ipoe yenyewe, kwani chai inayokimbizwa kwenye baridi hufanya ukungu. Mwisho pasheni, zilizochujwa, isipokuwa mbegu kumi na mbili alizozirudisha kwa mkono. Mbegu zile zilikuwa za ushahidi kwamba pasheni imo.

Taabu ni kwamba ikifika saa saba mchana chai ilikuwa imechemka tena bila moto.

"Dada," alisema Mchukuzi, mzee wa mkokoteni aliyefahamiana naye tangu siku ya kwanza kazini, "friji hilo hapo."

"Lina mwenyewe."

"Mwenyewe hayupo."

"Kutokuwepo si kufa. Halafu humo haingii kitu ambacho hakimo daftarini."

Mchukuzi alikuna kidevu. "Basi ipoteze."

Bi Lebo alivuta kiti. Akafungua kitabu cha kanuni, akakisoma ukurasa kwa ukurasa huku jasho likimtiririka hadi kwenye miwani, na hakuona pahali panapomkataza karani kupoteza chai.

Kesho yake saa moja na nusu asubuhi aliweka jagi kwenye benchi la abiria, akatazama upande mwingine, akaondoka akijifanya hamnazo. Mchukuzi akaliokota, akalipeleka dirishani. Bi Lebo akavaa miwani. "Jagi moja," aliandika, "la chai, ladha ya nanasi na pasheni." Akalifunga lebo, akalipiga friji nyonga, maana mlango wake haukukubali kufunguka kwa njia nyingine, akaliingiza ndani. Saa saba alifunga daftari, akatoka nje, akazunguka jengo, akasimama dirishani kama raia. Hapakuwa na mtu ndani wa kumuuliza maswali. Akazunguka tena, akauliza, "Kina alama gani?" Akatoka mbio kwenda kujibu, "Mbegu kumi na mbili!" Safari ya nne Mchukuzi, aliyekuwa ameshikilia mbavu kwa kicheko, alijitolea kukaa ndani kama shahidi.

Lakini ile chai! Ilikuwa baridi mpaka meno yaliuma. Bi Lebo aliinywa amesimama, amefumba macho, na kwa mara ya kwanza tangu ije ile barua alijisikia mtu.

Siri haikai kituoni. Fundi viatu alitaka. Dereva wa basi la mchana alitaka. Mama muuza magazeti alileta maembe yake mwenyewe. Bi Lebo alikataa katakata kumpa mtu kitu ambacho hakukipoteza, kwa hiyo wakaingia kwenye utaratibu: alfajiri aliwajazia chupa, kila mtu akawa mmiliki halali wa chupa yake, saa moja na nusu wakazisahau kwenye benchi kwa pamoja, na saa saba wakapanga foleni kuzidai. Alihoji kila mmoja bila huruma. Fundi viatu, aliyesema chai yake ni ya embe na kumbe ni ya embe na ndimu, alirudishwa nyuma ya foleni. Dereva alikula kiapo mbele ya abiria wake kwamba chupa yenye kizibo chekundu ni yake tangu zamani.

Jioni Bi Lebo alihesabu safu ya vitu vilivyorudishwa kwa wenyewe. Kumi na saba kwa siku moja! Mwezi ulipokaribia kwisha vilikuwa mia mbili na ushee. Alilala usingizi mzito, akiamini ofisi imepona.

Siku ya mwisho ya mwezi alifika Mkaguzi kutoka makao makuu. Alikuwa kijana wa suti, na tai aligoma kuilegeza ingawa shingo ilikuwa imeiva. Alikaa kwenye kiti cha Bi Lebo, akafungua daftari, akasoma kurasa nyingi bila kupepesa macho.

"Mama, hii chai inapotea kila siku saa moja na nusu asubuhi?"

"Ndiyo, bwana mkaguzi."

"Na inadaiwa saa saba?"

"Kwa kawaida. Mvua ikinyesha huchelewa."

"Na huyu mwenye jagi namba moja ndiye wewe?"

"Nilithibitisha kwa mbegu, bwana. Shahidi yupo."

Mchukuzi alisimama wima mlangoni kwa heshima zote. Mkaguzi akatoa kalamu nyekundu. Alianza juu na kwenda chini, akikata nanasi, akikata embe, akikata pasheni, mstari kwa mstari, mpaka kurasa zikawa kama zimechanjwa. "Kitu kisichopotea kwa bahati mbaya hakikupotea," alisema. "Kwa hiyo mwezi huu umerudisha sifuri. Nasikitika, mama."

Bi Lebo aligeuka kutoka kwa Mkaguzi. Alitazama rafu zake. Aliiona miavuli ikitupwa jaani, na meno yale yakisaga vumbi, na gongo likiokotwa na mtu mzima wa miguu. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa upande wa nyuma wa lebo.

Mkaguzi naye hali ilikuwa mbaya. Bati lilikuwa limewaka, na jasho lilidondokea barua yake ya kufunga ofisi. "Samahani," alisema kwa sauti ndogo, "naomba hiyo chupa moja iliyobaki kwenye friji."

"Una maelezo yake?"

"Ni... ya embe?"

"Ina alama gani?"

Mkaguzi alipanguza paji la uso. Bi Lebo, pamoja na uchungu wote aliokuwa nao, alisoma lebo ya chupa, akarudisha mlango wa friji. "Si yako. Ni ya dereva, bado yuko njiani."

Wakati huohuo dirishani alitokea mwanamke mnene, msusi kwa kazi, na vishikio vya nywele bado vimebanwa kwenye kola ya gauni lake. Mkononi alishika chupa tupu yenye lebo.

"Shikamoo mama. Mteja wangu alikuja saluni na hii, ya baridi. Anasema mnapozea kwenye friji linalofunguliwa kwa nyonga. Ni kweli?"

"Marahaba. Kwa nini unauliza?"

"Kwa sababu mimi nilipoteza moja la namna hiyo."

Mchukuzi aliisogelea kona. Hata Mkaguzi aliacha kujipepea. Bi Lebo alivaa miwani, akajikaza, akachukua fomu. Huruma ni huruma na kazi ni kazi.

"Kina alama gani?"

"Rangi ya maziwa. Mguu mmoja una kipande cha kandambili ya bluu chini yake, lisiyumbe. Na mlango wake unapigwa hapa," msusi alipeleka nyonga pembeni, akagonga hewa, "halafu unalisema vibaya kidogo."

Mchukuzi alipiga magoti, akachungulia. "Bluu," alisema.

"Ulikipoteza wapi?"

"Juu ya basi. Nilikuwa nahama, mama, nimeachika. Nilishuka na watoto watatu na magodoro na mitungi, nikawahesabu watoto, nikasema asante Mungu wametimia. Friji nililikumbuka nimeshafika."

Bi Lebo aliandika yote. Lilibaki swali la mwisho la fomu, ambalo hakuwa ameliuliza kwa miaka mitatu.

"Sababu ya kuchelewa kukidai?"

Msusi aliipindapinda ile chupa mkononi. "Sikujua kama kuna mtu anatunza," alisema. "Mwaka ule kila kilichonitoka kilikwenda moja kwa moja. Sikuwaza kuuliza."

Kalamu ya Bi Lebo ilisimama. Kisha akaandika neno kwa neno, kwa mwandiko wake wa siku za sherehe, akamgeuzia Mkaguzi daftari. Mkaguzi alisoma. Alitazama friji, akamtazama msusi, akaitafuta kalamu nyekundu mfukoni na akaiacha humohumo. Akapiga mhuri: kimerudishwa kwa mwenyewe.

Bi Lebo alichomoa waya kwa mkono wake. Kabla ya hapo alikuwa amejaza sahani ya ndani kwa barafu aliyoikwangua humo humo, maana kitu hurudishwa kama kilivyopokelewa, na msusi aliliona hilo akaangua kilio na kicheko kwa pamoja. Mchukuzi alilifunga friji kwenye mkokoteni. Mkaguzi, tai mkononi, alisukuma kwa nyuma hadi barabarani. Chupa ya dereva ilibaki juu ya meza, ikitoka jasho pamoja na watu wengine wote.

Kesho yake kona ilikuwa tupu na kimya. Bi Lebo alitengeneza chai alfajiri kwa mazoea, akaibeba, na njiani akawa anamfikiria yule msusi, watoto watatu, na kandambili ya bluu. Alifika kazini mikono mitupu. Ilipofika saa nne Mchukuzi alileta jagi dirishani, limekaa juani kwenye benchi tangu saa moja.

"Dada, mwenzangu, safari hii umeisahau kweli."

Bi Lebo aliligusa jagi kwa kiganja, akafungua daftari, akaandika: Nzima, ya vuguvugu.

"Nikanunue barafu?"

"Kanuni ya saba," alisema Bi Lebo, akalizungushia jagi kitambaa lisije likapoa.

Saa saba alitoka nje, akazunguka jengo, akasimama dirishani. Mchukuzi alikaa kwenye kiti chake, akavaa miwani yake, akauliza maswali yote bila kuruka hata moja. Mbegu zilihesabiwa, zikatimia kumi na mbili.

"Sababu ya kuchelewa kuidai?"

Bi Lebo alizitazama rafu zake kutoka upande ule wa nje, miavuli yote arobaini na moja ikiwa na lebo zake.

"Sikuchelewa," alisema. "Nilikuwa hapahapa."

Wakainywa ikiwa vuguvugu, mmoja ndani na mwingine nje ya dirisha.