Namba ya Mama Kwenye Mfano

Ninaishi Bwera, mji mdogo wa mpakani. Kazi yangu ni kuandika maelekezo ya programu ya kutuma meseji, pamoja na mifano ya msimbo wa kompyuta ambayo watengenezaji programu wa nchi mbalimbali hunakili na kujaribu.

Nilipoandika mfano wa kwanza nilihitaji namba inayopokea kweli. Niliyoijua kwa kichwa ilikuwa ya mama, kule Bulembia, mwendo wa saa moja na kitu, katika nyumba aliyoachiwa na baba, mtu wa mgodi. Ujumbe nikaandika "Hujambo?" Ukafika. Nilikusudia kuitoa ile namba baadaye, nikasahau, na mfano ukatoka hivyo hivyo.

Basi kila aliyenakili bila kubadilisha kitu alimsalimu mama yangu. Akawa ananipigia. "Mwanangu, watu yako wamenisalimu tena. Leo ni watatu." Magoti yalikuwa hayampeleki tena kanisani, nami nikadhani anasema watu wa kanisa wanaomtembelea. "Vizuri, Mama," nikajibu huku nachapa. Sikuuliza ni akina nani.

Kisha mkaguzi wetu wa maelekezo akaniandikia kwamba kwenye mfano kuna namba ya mtu. Nilitahayari kweli. Nikaifuta, nikaweka sifuri tupu, nikajiona fundi.

Wiki chache baadaye mama akapiga. "Wale watu yako wamekasirika? Hakuna mutu anasalimia mimi."

Acha niseme ukweli, hapo ndipo nilipoelewa, nikacheka. Nikamwambia zile hazikuwa salamu, lilikuwa kosa langu, na nimeshalirekebisha. "Kumbe," akasema. Hakuuliza tena.

Tulimzika mwezi uliopita, na dada yangu akanipa simu ya mama. Meseji zote alizitunza, "Hujambo?" juu ya "Hujambo?", na kila moja ameijibu kwa vile vidole vyake vizito, nyingi kwa maneno yaleyale: "Sijambo mwanangu, na wewe?" Majibu hayo hayakumfikia mtu. Programu yetu inatuma tu, haipokei. Hilo nililiandika mimi mwenyewe kwenye maelekezo, ukurasa wa kwanza kabisa, na nikalisahihisha mara mbili lieleweke.

Nilizipitia zote nikitafuta ambayo nilimtumia mimi. Nilikuta moja, ya kwanza kabisa, ile ya kujaribu. Chini yake mama alikuwa amejibu: "Sijambo. Ni wewe mwanangu? Unakuja lini?"